Mwenye Picha Yuko Stoo

Wilfrido Ozuna alirudi kwao Tajymi siku ya Jumanne, mwezi wa Aprili, saa saba mchana, na hakuna aliyemwona. Saa saba mchana Tajymi hata mbwa hulala. Mji wetu hubishania kila kitu, kuanzia offside hadi umri halisi wa mke wa hakimu, lakini usingizi wa mchana haubishaniwi. Padri wetu aliyetangulia alikata roho saa saba na nusu. Kengele ya msiba ikapigwa saa tisa, watu walipoamka, na hakuna aliyeona ajabu.

Basi lilimshusha kwenye lami, akatembea kilomita mbili za vumbi jekundu na begi begani. Kichwani alikuwa na nywele za manjano kama kifaranga wa siku moja. Mwaka ule wachezaji wa dunia nzima walikuwa wakijipaka dawa ya kugeuza nywele manjano, na yeye kule ugenini, kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanana nao, akajipaka. Ndani ya ndege alikuwa ametunga sentensi fupi ya kumwambia mtu wa kwanza atakayekutana naye: "Nimeshindwa, nimerudi, nipe maji." Aliifanyia mazoezi kuliko alivyowahi kufanyia penalti. Akapita dukani, kumefungwa. Akapita duka la dawa, limefungwa. Akapita kanisani, hata Mungu amelala. Mtu wa kwanza kukutana naye akawa mama yake mwenyewe, Ña Librada, na Ña kwetu ni kama Bi, amejilaza kwenye kitanda cha bembea barazani.

"Mama."

Ña Librada alifungua jicho moja. Huyu ni mwanamke ambaye hata mwizi wa kuku angemwuliza kwanza kama amekula. Lakini siku ile alifungua na la pili, akamtazama mwanawe wa pekee ambaye hakumtia machoni kwa miaka miwili, akainuka, akachungulia barabara kushoto na kulia, kisha akauliza:

"Nani amekuona?"

"Hakuna."

"Mungu mkubwa. Ingia ndani upesi."

Akaingia. Hakutoka tena kwa wiki tisa.

Lakini nisitangulize mkokoteni mbele ya ng'ombe. Wilfrido alikuwa winga wa kushoto, na tusidanganyane, alikuwa winga kweli. Mfupi, miguu imepinda kama mabano. Wa kulia alikuwa nao wa kusimamia tu, wa kushoto ndio ambao Mungu alikaa kitako akaufikiria. Alianza kuichezea Sportivo Tajymi akiwa na miaka kumi na sita, na kabla ya kumi na nane alishawapiga tobo, mpira katikati ya miguu, mabeki wote wa wilaya. Mmoja wao, sajenti wa polisi, alipigwa mbili katika mechi moja, na jioni ile Wilfrido akalala mahabusu kwa kosa la kudharau dola. Baadaye akachukuliwa na klabu ya daraja la pili mjini Asunción, mji mkuu wa nchi yetu, akacheza misimu mitatu, na hapo ndipo alipotokea wakala, mtu wa kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akasema Ulaya wanataka video.

Video ilipigwa na mpiga picha wa harusi. Na mpiga picha wa harusi ana mazoea yake: macho yake ni kwa bibi harusi. Kwenye mpira, bibi harusi ni yule anayefunga magoli. Kwa hiyo kanda yote, mwanzo mpaka mwisho, inamfuata namba tisa, jamaa mmoja Aquino, mrefu kama mnazi, akizipiga kichwa krosi za Wilfrido na kubusu medali yake. Wilfrido mwenyewe anaonekana mara tatu, pembeni ya picha, kama mguu. Klabu moja ya Ubelgiji, ya mji wa Zwartebeke, ikaitazama kanda, ikaipenda mno, ikaagiza mtu ambaye jina lake limeandikwa juu ya kasha.

Kocha wa Zwartebeke alikwenda mwenyewe uwanja wa ndege kumpokea mshambuliaji wa mita moja na tisini. Akapokea mita moja na sitini na nne, na mfuko wa majani ya tereré, ile chai yetu ya kunywewa baridi. Alimpa mkono huku akitazama nyuma ya mgongo wake, akaendelea kutazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri mwingine ashuke.

Mkataba ulikuwa umeshasainiwa. Kocha hakumtaka, wala hakuweza kumrudisha. Wilfrido alijua hatakiwi, wala hakuweza kuondoka. Wakaishi hivyo misimu miwili, kama wake wenza. Alipewa chumba kimoja juu ya duka la dobi, dirisha lake likitazamana na ukuta. Benchini alipewa blanketi. Kwenye baridi ya kugandisha mate alikaa pale akinyonya tereré yake ya maji baridi, kwa kuwa ndiyo aliyoijua, na wachezaji wa akiba wakamtazama kama mtu anayekunywa petroli. Kwa misimu hiyo miwili alicheza dakika kumi na moja. Nne katika mechi moja, ambamo aligusa mpira mara mbili, moja ikiwa ni kuurusha. Saba katika nyingine, kwenye ukungu mzito kiasi kwamba aligusa kitu, na mpaka leo hana hakika kilikuwa mpira.

Angeweza kuwaambia nyumbani ukweli. Tatizo ni simu.

Miaka ile Tajymi ilikuwa na simu moja ya kuaminika, nayo ilikuwa posta, chini ya mamlaka ya Ña Eduvigis. Kila Jumapili saa nne Ña Librada alikaa kwenye kiti, mkononi mkonga wa simu, na nyuma yake foleni ya watu waliokuja kutuma barua ambazo hawakuwa wameziandika. Ña Eduvigis alisikiliza kwenye mkonga wake wa pili, na kwa moyo wake mwema akawatangazia wenye foleni kila neno.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Mama."

"Amekula!" akatangaza Ña Eduvigis.

"Na baridi?"

"Ipo."

"Baridi kwake si kitu!"

Hapo ikapenya sauti nzito ya Don Telésforo Garcete, mwenye duka la dawa na mwenyekiti wa Sportivo tangu zamani zisizokumbukwa na mtu. "Acheni habari za tumbo! Muulizeni magoli! Magoli mangapi?"

Wilfrido alikuwa kwenye kibanda cha simu, theluji imefika magotini. Alitaka kusema sifuri. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini akasikia watu thelathini wamenyamaza upande wa pili wa bahari, wamenyamaza kama uwanja kabla ya penalti.

"Moja," akasema.

Kelele zilizolipuka posta zilimfanya ausogeze mkonga mbali na sikio. Ilikuwa mara ya kwanza kushangiliwa kwa miezi mitano. Jumapili iliyofuata akafunga mawili. Kuelekea mwisho wa msimu wa pili alikuwa na magoli kumi na tisa, moja la kichwa, na hilo peke yake lilitosha kuua uongo wote, maana Tajymi nzima inajua Wilfrido hufumba macho mpira ukija usawa wa paji la uso. Lakini imani ni imani. Wapo watu kwetu wanaoamini hata ahadi za diwani.

Magoli hayo yakampeleka Ña Librada benchi la mbele kanisani. Mchinjaji akawa anamwekea mbavu. Don Telésforo akaanza kumwita "mama wa klabu" na kumshika kiwiko akishuka ngazi. Na ikapitishwa katika mkutano mkuu kwamba uwanja wa Sportivo utapewa jina la Wilfrido Ozuna, jioni ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, tarehe ishirini na nne Juni, na picha yake kubwa ichorwe juu ya mbao isimamishwe hadharani.

Mwezi wa Aprili, wiki ileile mbao ziliponunuliwa, Zwartebeke wakauvunja mkataba.

"Wakala atapiga simu," Ña Librada alimwambia mwanawe mchana ule, akimfungulia stoo ya uani. "Atakutafutia klabu nyingine. Wiki moja tu. Utaondoka saa saba kama ulivyokuja, na hakuna atakayejua."

"Mama, mimi nataka kutoka nje."

"Utatoka."

"Kwa mlango wa mbele. Mchana, watu wakiwa macho. Niwaambie."

"Uwaambie nini? Kwamba yale magoli kumi na tisa yalikuwa ya simu?"

"Ndiyo."

"Basi ningoje nife kwanza," alisema Ña Librada. "Halafu uende ukaseme, na mimi niwe sisikii."

Ndani ya stoo alikuwamo mpangaji mwingine: fahali. Si wa nyama na damu. Ni yule wa sikukuu. Marehemu baba yake Wilfrido ndiye aliyemtengeneza, kiunzi cha mianzi, juu yake ngozi kavu ya ng'ombe, mbele fuvu lenye pembe mbili ndefu kama mikono ya mtu anayeomba mvua. Siku ya Mtakatifu Yohana pembe zinafungwa matambara, yanaloweshwa mafuta ya taa, yanawashwa, na mtu mmoja anaingia ndani ya fahali kuwakimbiza wengine uwanjani mpaka waangukiane. Mwaka mzima uliobaki fahali anakaa stoo. Wilfrido akatandikiwa godoro ubavuni pake. Wakatazamana.

Wiki moja ikawa mbili. Mbili zikawa nne. Wakala hakupiga. Posta, kila Jumapili, Ña Librada alisema timu iko safarini, mbali na simu.

Kila alasiri majirani walikuja barazani na tereré yao, na ukuta wa stoo ulikuwa wa mbao nyembamba. Kwa hiyo Wilfrido akapata kitu ambacho wengi hukikosa: alisikia mazishi yake mwenyewe, yakirudiwa kila siku, na marehemu akisifiwa.

"Yule mwanao alikuwa na heshima, Ña Librada."

"Tangu mdogo."

"Na sasa atakuwa na nyumba ya ghorofa."

"Mbili," alisema Ña Librada, na Wilfrido ndani akaziba uso kwa mto. Alikuwa amekuja na kikohozi cha Ubelgiji, kile kikavu kisichokwisha, na kila kikimjia barazani kukiwa na watu, mama yake alianza kuwafokea kuku.

Saa ya usingizi wa mchana ndiyo ilikuwa yake. Mji ukilala, alitoka uani, akaokota machungwa machungu yaliyoanguka, akayapiga ukutani kwa mguu wa kushoto, moja baada ya jingine, pahali palepale, mpaka yakapasuka. Ndani ya nusu saa ile alikuwa mtu. Sasa, Ña Eduvigis wa posta hulala jicho moja likiwa kazini. Siku moja akaona juu ya uzio kichwa kifupi cha manjano kinapanda na kushuka. Na kwetu hata mtoto wa kunyonya anajua ni nani mwenye nywele za manjano anayetembea saa ile: ni Jasy Jatere, pepo wa usingizi wa mchana, anayewaiba watoto wasiotaka kulala.

Tajymi haijawahi kuwa na watoto wanaolala vizuri kama miezi ile. Kina mama walishukuru. Lakini padri mpya, kijana mwenye bidii za seminari, akaona aibu pepo kuishi uani kwa mama wa klabu, akaja na maji ya baraka akaunyunyizia uzio wote, na machungwa, na mlango wa stoo. Nyuma ya mlango huo pepo mwenyewe alikuwa amejikunja chini ya fahali, ngumi mdomoni, machozi yanamtoka kwa kuzuia kikohozi.

Jioni ile Ña Librada alileta kufuli la zamani la marehemu.

"Unanifungia?"

"Namfungia padri."

"Mama, hata Zwartebeke hawakunifungia kwa kufuli."

Ña Librada alisimama na ufunguo mkononi. Alionekana mzee ghafla. "Mwanangu, unajua kabla ya magoli yako nilikuwa nakaa wapi kanisani? Nyuma ya nguzo. Miaka thelathini nimesali nikiitazama nguzo." Kisha akafunga.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne Juni, Ña Librada akiwa kanisani kupanga viti, kufuli lilifunguliwa na mtu mwingine. Alikuwa Gumersindo, baba wa ubatizo wa Wilfrido, ambaye enzi za marehemu ndiye aliyekuwa akimfunga fahali pembe, na ufunguo wa pili alibaki nao. Wilfrido alipata muda wa kutumbukia ndani ya fahali tu. Gumersindo aliinua ngozi, akatazama, akaishusha. Akaiinua tena.

"Haya, toka. Nilijua tu."

"Shikamoo, Baba. Ulijuaje?"

"Marahaba. Jasy Jatere hakohoi. Wala hapigi machungwa mia mbili pahali pamoja bila kukosa. Mimi nakaa nyumba ya pili, sijawa kiziwi."

"Mbona hukusema?"

"Nikosane na mama yako? Akininunia yeye, hata kuku wake wananinunia." Alimzunguka, akamkagua nywele. "Ulaya ndiko walikokufanya hivi?"

"Nilijifanya mwenyewe."

"Afadhali. Nilidhani ni ugonjwa." Akaketi juu ya debe. "Sikiliza. Crescencio, mkimbiza fahali, jana alipanda kupigilia bati akashuka bila ngazi. Hana kifundo cha mguu. Bila fahali hakuna sikukuu, na wewe miguu unayo. Ingia humo jioni, uwakimbize, upumue hewa, nikurudishe. Nani atakujua? Fahali hana uso."

"Mama akijua?"

"Mama yako atakuwa mbele, anapokea heshima. Unataka kutoka au hutaki?"

Haikuwa mlango wa mbele. Haikuwa mchana. Lakini mtu aliyekaa wiki tisa na fuvu la ng'ombe habagui.

Jua lilipozama, uwanja ulikuwa umejaa, harufu ya muhogo wa kukaanga na jibini imetanda. Wilfrido aliona haya yote kupitia upenyo wa chini ya taya la fuvu, yaani aliona miguu. Akawatambua watu kwa miguu yao: kandambili za Ña Eduvigis, viatu vyeupe vya Don Telésforo, soksi za padri. Akawakimbiza. Pembe zinawaka juu yake, watu wanapiga mayowe na kucheka, na yeye ndani anacheka peke yake, jasho linammwagikia machoni. Aliwakimbiza waliomshangilia posta. Yule sajenti wa polisi, ambaye sasa alikuwa na kitambi, alifukuzwa hadi akapanda meza ya keki.

Kisha kipaza sauti kikakoroma, na Gumersindo akamnong'oneza, "Simama. Hotuba."

Fahali akasimama. Don Telésforo alipanda jukwaani na karatasi.

"Watu wa Tajymi! Asubuhi hii nimepokea simu ya maandishi kutoka Ubelgiji!" Mayowe. "Nasoma! *Ndugu zangu, moyo wangu uko nanyi. Leo hapa theluji imejaa uwanja mzima, lakini mimi nitacheza, na goli la ishirini nitawafungia ninyi.*"

"Theluji mwezi wa Juni?" fahali alisema.

"Nyamaza," alisema Gumersindo.

"Baba, Juni kule ni joto. Watu wanatembea kifua wazi."

Hakuna mwingine aliyeshangaa. Juni Tajymi ndiyo baridi yenyewe. Kila mtu pale amevaa sweta. Kama kwetu ni hivi, Ulaya si zaidi? Wanawake walijifuta machozi kwa kumhurumia kijana anayecheza kwenye theluji. Na Wilfrido, gizani ndani ya ngozi ya ng'ombe, akaelewa jambo moja: Don Telésforo naye alijitungia. Kumbe si mama peke yake. Stoo ilikuwa kubwa kama mji.

Shuka likavutwa, picha ikatokea, mita tatu za mbao. Mchoraji alikuwa ameitumia ile kanda ya mpiga picha wa harusi. Kichwa kilikuwa cha Wilfrido, nywele nyeusi zimechanwa pembeni kama za mtoto wa komunyo ya kwanza, na chini ya kichwa ulisimama mwili wote wa Aquino. Ña Librada, benchi la mbele, alipiga ishara ya msalaba.

"Na sasa, mpira wa moto!"

Huo pia ni wa Mtakatifu Yohana. Matambara yanafungwa kwa waya, yanaloweshwa mafuta ya taa, yanatiwa kiberiti, na mwenye ujasiri anapiga. Kwa kawaida hakuna ufundi wowote. Watu wanaupiga ili uende mbali nao. Mmoja aliupiga, mwingine akauruka, ukaviringika katikati ya uwanja, ukasimama mbele ya taya la fahali.

Mbele ya mguu wa kushoto.

Gumersindo aliona. "Usifanye," alisema. "Wilfrido, usithubutu."

Fahali aliusogeza kidogo kwa unyayo. Sajenti alishuka mezani akaja kuupiga, na hilo lilikuwa kosa lake la tatu katika maisha ya soka. Mpira ukapita katikati ya miguu yake ukiacha harufu ya suruali iliyoungua. Watu wakacheka. Akaja mwingine, fahali akageuka na pembe zake zinazowaka kama bibi harusi anayegeuza shela, akamwacha anashika hewa. Wa tatu hata hakujua. Uwanja sasa ulikuwa ukinguruma, na mbele hakukuwa na mtu tena, ila ile picha.

Tajymi hadi leo wanabishana kama alikusudia. Mimi nasema alilenga nguzo iliyoshikilia picha. Aliupiga kwa upande wa ndani wa mguu, ukapinda kidogo tu, kama krosi zake, ukaenda kukaa kifuani mwa Aquino. Rangi ya mafuta haina subira. Moto ukapanda kwenye jezi.

Hakuna aliyesogea. Watu walikuwa wakiliangalia jambo baya kwa raha. Fahali ndiye aliyekimbia. Akajivua kiunzi, akaubana ule upande wenye pembe chini ya mguu, akachomoa ngozi, akaanza kuupiga nayo moto, akikohoa, akipiga, mpaka picha ikabaki na kichwa, shingo na moshi.

Alipogeuka, mwanga wa moto uliobaki ulimwangukia kichwani.

"Jasy Jatere!" alipiga yowe Ña Eduvigis, na nusu ya watoto wakalala palepale chini kwa mazoea.

"Ni mimi," alisema. Ile sentensi ya kwenye ndege ilikuwa bado ipo, nzima. "Wilfrido. Nimeshindwa. Nimerudi. Nipeni maji."

Kimya. Kile kimya cha posta, kilekile.

Don Telésforo alishuka jukwaani taratibu, viatu vyeupe vinatafuta pa kukanyaga. "Kijana," alisema kwa upole wa duka la dawa, "Wilfrido Ozuna yuko Ubelgiji. Nimesoma simu yake sasa hivi, mbele ya watu wote hawa."

"Mwandiko ni wako, Don Telésforo."

"Wewe unafanana naye kidogo. Hilo hatukatai."

"Kidogo!" alisema mtu.

"Wilfrido ni mrefu," alisema mwingine, akionyesha kilichobaki cha picha, na watu, Mungu awasamehe, wakatikisa vichwa kukubali.

Gumersindo alifungua mdomo, lakini Don Telésforo aliinua mkono. "Hapana. Mbona tunasumbuka? Mama yupo." Akageuka kwenye benchi la mbele. "Mama wa klabu, utuambie wewe. Huyu ni mwanao?"

Wilfrido alimtazama mama yake. Alijua mama anachokitazama: benchi la mbele upande mmoja, nguzo upande mwingine. Neno moja la kukataa, na atarudishwa stoo, na safari hii hatahitaji kufuli, kwa sababu hatakuwa mtu aliyefichwa. Atakuwa mtu asiyekuwepo. Ña Librada aliinuka. Akatembea mpaka aliposimama mwanawe, katikati ya moshi, mdomo umebanwa. Mtu mmoja nyuma alicheka puani. Wilfrido akakohoa.

Ña Librada aliinama, akavua kandambili, akampiga nayo begani.

"Nani amekuambia utoke bila sweta!" La pili. "Na kifua hicho! Wiki tisa nakuchemshia majani!" La tatu. "Na ngozi ya marehemu baba yako umeiunguza, mjinga wewe, mfupi wewe, ungelikuwa na akili ungepiga pembeni!"

Mwanamke hampigi mtoto wa mwenzie namna ile. Tajymi yote ilijua hivyo, hata Don Telésforo, ambaye aliikunja simu yake ya maandishi mara nne, akaitia mfukoni, akaenda kununua muhogo. Wengine walicheka mpaka wakashika magoti. Wengine walikasirika kwa dhati, kama watu walioibiwa, wakaenda nyumbani bila kuaga. Sajenti alikuja akamtazama kwa karibu, akasema, "Tobo la tatu. Nilipaswa kujua." Ña Eduvigis alimletea maji.

Tangu jioni ile jina lake ni Fahali, na hilo halitamtoka mpaka kaburini, hata hapo nadhani watalichonga. Jumapili iliyofuata Ña Librada alikaa nyuma ya nguzo bila kuambiwa na mtu. Uwanja ulikwisha kupewa jina na muhuri, na kuubadilisha kunahitaji mkutano mkuu mwingine, kwa hiyo ni wake mpaka leo, na anacheza hapo kila wiki akizomewa kama mtu mwingine yeyote.

Lakini ninachotaka kumalizia ni siku ya pili yake, tarehe ishirini na tano. Wilfrido aliamka kitandani, chumbani, si stoo. Akaoga. Akavaa shati. Akasimama sebuleni muda mrefu, kisha akafungua mlango wa mbele, mchana kweupe, akatoka.

Ilikuwa saa saba. Barabara tupu, maduka yamefungwa, mbwa wamelala kivulini wote upande mmoja. Akasimama pale katikati ya vumbi jekundu, mikono kiunoni, akatazama juu na chini. Kutoka kwenye kitanda cha bembea mama yake akasema, bila kufungua jicho:

"Hakuna anayekuona."

"Najua, Mama."

Akarudi ndani, akaketi kwenye kiti kando ya mlango, akangoja saa tisa, akatoka tena.